Bongo: jina lililodondosha herufi

Mpigie simu Mtanzania aliyeko Maskati au Minneapolis, muulize atarudi lini. Atakwambia, "Bongo? Desemba, Mungu akijalia." Miaka arobaini iliyopita jibu hilo lingemaanisha Dar es Salaam tu, tena lingetoka na kicheko chenye uchungu.

Asili yake haina fumbo. Ni ubongo, huu wa kichwani, uliovuliwa u. Ila Kiswahili hakivui kiambishi bure; hukuza kitu. Nyoka akikuzwa huwa joka, mtu huwa jitu, na mara nyingi ukubwa huo huja na kejeli. Bongo basi si ubongo wa kwenye vitabu vya daktari. Ni kitu kizito kinachotokota. Ndiyo maana maswali ya kupimana akili tunayaita chemsha bongo.

Jiji lilibandikwa jina hilo na shida. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vilikomba hazina, mafuta yakapanda bei, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu za RTC, maduka ya serikali, zilikuwa zikikusanya vumbi. Sukari foleni, sabuni foleni, na ukibahatika, unga wa yanga, yale mahindi ya njano. Mtu aliweka jiwe kwenye mstari limshikie nafasi, akaenda kuhangaikia kingine. Mwaka 1983 vikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikaja na kampeni ya Nguvu Kazi: asiyeonyesha kazi aliyonayo anakamatwa, anarudishwa kijijini akalime.

Mwenye kazi naye hakuwa na nafuu, maana mshahara haukufika katikati ya mwezi. Karani akafuga kuku uani, mkewe akakaanga maandazi alfajiri, na hata mhadhiri wa chuo kikuu akawa na "mradi" wake. Aliyeweza kuishi hivyo bila kurudi kwao alikuwa na bongo. Mlanguzi naye alikuwa nalo. Jina halikumbagua, na hapo ndipo ninapouona utamu wake. Lilisifu na kusuta kwa pumzi moja.

Mji ulikuwa unaumba maneno kuliko bidhaa. Mwaka huo huo wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kuendesha mabasi kulisaidia shirika la mabasi la UDA lililoelemewa. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na makondakta wakawa wanaimba "dala, dala!" vituoni. Sarafu imekufa, daladala zipo.

Kilicholivusha Bongo nje ya Dar ni muziki. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, vijana waliokuwa wakifokafoka kwa Kiswahili wakapata pa kusikika, na mtindo wao ukaitwa Bongo Fleva. Filamu zikafuata nyayo: Bongo Muvi. Wageni hudhani jina limetokana na zile ngoma ndogo za Kuba. Wakenya hawana shida hiyo. Kwao sisi sote ni Wabongo, hata aliyezaliwa Kigoma.

Shangazi yangu wa Songea hajaafiki. Akisema fulani "kaenda Bongo", ana maana kapanda basi la Dar. Mwanawe anafundisha shule hapo hapo Songea, Kariakoo ya Dar hajawahi kuikanyaga, na fulana anayopenda kuvaa Jumamosi imeandikwa BONGO kifua kizima.