Kutoka Ulezi hadi Muhogo: Dhana ya Viondoasumu katika Historia ya Lishe ya Musoma, Bunda na Butiama

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu lishe, antioksidanti mara nyingi huitwa viondoasumu. Istilahi hii ni nyepesi kutamka lakini inapotosha, kwa kuwa kazi ya msingi ya antioksidanti si kuondoa sumu, bali kuzuia radikali huru zisiharibu mafuta, protini na vinasaba vya seli. Hata hivyo, historia ya chakula mkoani Mara ina mahali ambapo kazi hizo mbili, kuondoa sumu na kuzuia uoksidishaji, zilitegemea akiba moja ya mwili. Makala haya yanadai kuwa badiliko la kutoka ulezi kwenda muhogo liligusa akiba hiyo, ingawa waliolihimiza walihesabu shibe tu.

Sayansi yenyewe ni changa. Albert Szent-Györgyi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusisha vitamini C. Denham Harman alichapisha nadharia ya radikali huru na uzee mwaka 1956. Mwaka 1994, utafiti wa Finland uliohusisha wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulionesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Tangu hapo ni vigumu kumtetea anayeuza kidonge kana kwamba ni sawa na sahani ya chakula.

Kabla ya muhogo kutawala, ulezi na mtama vilikuwa nafaka kuu za Wazanaki, Waikizu na majirani zao. (Msomaji wa nyaraka za zamani akumbuke kwamba Butiama ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Musoma hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012.) Rangi ya kahawia ya ulezi hutokana na polifenoli zilizo katika ganda la punje, ambazo ni antioksidanti. Isitufanye tuusifu kupita kiasi: polifenoli hizohizo hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Ubora wake mwingine ulikuwa ghalani, kwani huhifadhika kwa miaka bila kubunguliwa. Gharama yake ilikuwa palizi. Mche mchanga wa ulezi hufanana na magugu ya jamii yake, na mkono usiozoea hung'oa mazao.

Nzige walioivamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikula nafaka, lakini mizizi ya muhogo ilibaki ardhini. Serikali ya kikoloni ikahimiza, na mara nyingi kuamuru, kila kaya ilime muhogo kuwa kinga ya njaa. Huko Bunda pamba ilidai nguvukazi katika msimu uleule wa nafaka, na muhogo ulivumilia kucheleweshewa jembe. Aina chungu zilipendelewa kwa sababu ya kueleweka kabisa: nyani na nguruwe pori hawazishambulii sana. Uchungu huo ndio dalili ya sianidi.

Desturi ilikuwa na jibu. Mizizi ilimenywa, ikavundikwa hadi iote ukungu, ikakwanguliwa na kuanikwa. Huo ndio udaga. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na njaa haina siku kadhaa. Katika ukame wa mwaka 1985, vijiji vya Tarime, kaskazini ya wilaya tunazozijadili, vilikumbwa na ugonjwa wa kupooza miguu wa ghafla. William Howlett na wenzake waliuchunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Waliwatambua wagonjwa 39, wengi wao wanawake na watoto, na kuuita kwa jina lililokwisha kutumika Kongo: konzo, yaani miguu iliyofungwa. Madhara yake ni ya kudumu.

Ili kuigeuza sianidi kuwa tiosianeti isiyo na ukali, mwili hutumia salfa itokayo katika asidi amino za protini, hasa sisteini na methionini. Sisteini hiyohiyo ndiyo mwili huitumia kutengeneza glutathioni, antioksidanti kuu ya ndani ya seli. Mtu anayekula muhogo karibu peke yake, tena usioiva vema katika kuvundikwa, hutumia salfa nyingi na kuingiza kidogo. Namna hasa sianidi inavyoharibu mishipa ya fahamu bado inabishaniwa na wataalamu. Uhusiano wake na upungufu wa protini haubishaniwi sana.

Kwa mtazamo huu, dagaa wa Musoma wana nafasi katika historia ya antioksidanti kuliko tunda lolote linalosifiwa leo. Hawana rangi ya kuvutia wala hawatajwi katika orodha za viondoasumu, lakini huleta salfa ambayo ugali wa udaga hauna. Kaya ya pwani ya ziwa iliweza kuwapata kwa kubadilishana. Kaya ya vilima vya Butiama ilihitaji fedha au ndugu. Kisamvu nacho kilisaidia kila mahali, kwani kukitwanga na kukichemsha huondoa sianidi na kubakiza sehemu kubwa ya karotini, ingawa vitamini C hupotea. Mboga za kuanikwa juani kwa ajili ya kiangazi hupoteza karotini pia, na kiangazi ndicho kipindi ambacho udaga hukatishwa kabla ya wakati wake.