Mgeni Aliyekubaliwa na Jicho
Katika historia ya tiba, mara nyingi mamlaka ya wakubwa hushindana na ushahidi wa macho. Agosti 1940, risasi za adui zilipasua kifuniko cha ndege ya rubani Mwingereza, Gordon Cleaver, na vipande vya plastiki ya akriliki vikamwingia machoni. Daktari Harold Ridley alitambua jambo la ajabu: tofauti na vitu vingine vigeni, vipande hivyo vilitulia ndani ya jicho bila kuleta uvimbe mkali.

Tarehe 29 Novemba 1949, huko London, Ridley alimwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Ni kweli, lenzi za mwanzo zilikuwa na kasoro. Lakini vigogo wa taaluma yake walilipinga wazo lenyewe kwa miaka mingi. Alipewa hadhi ya “Sir” mwaka 2000, akiwa na miaka 93.

Leo wazee wetu wakitolewa mtoto wa jicho huwekewa lenzi bandia papo hapo. Nami najiuliza: ni wangapi walibaki gizani wakati wakubwa wakibishana?