Je, mtu anayepanga kuua watu wengi huonyesha dalili?

Unaposikia redioni kwamba kijana fulani huko Marekani ameingia shuleni na bunduki akaua wenzake, huenda hujiuliza ni mtu wa namna gani huyo, na kama nyumbani kwake hawakuona chochote. Makala hii inaeleza yanayojulikana kuhusu maisha ya watu hao kabla ya tukio, na dalili ambazo mtu wa karibu anaweza kuziona. Mifano mingi ni ya Marekani kwa sababu ndiko matukio haya yalikochunguzwa kwa kina.

Je, wanafanana?

Kwa sura na malezi, hapana. Aprili 20, 1999, wanafunzi wawili wa sekondari ya Columbine, jimbo la Colorado, waliua wanafunzi 12 na mwalimu 1. Baada ya hapo Secret Service, kikosi kinachomlinda Rais wa Marekani, kilishirikiana na Wizara ya Elimu ya huko kuchunguza mashambulio 37 ya shuleni yaliyotokea tangu mwaka 1974 hadi 2000. Washambuliaji walikuwa 41. Pengine ungetarajia kukuta watoto waliofeli, waliolelewa na mzazi mmoja, wagomvi. Ripoti ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili waliishi kwenye nyumba yenye wazazi wawili, wa kuzaa au wa kambo. Asilimia 41 walikuwa wakifanya vizuri darasani, na asilimia 5 tu ndio waliokuwa wakifeli. Wengi hawakuwa na rekodi ya kupiga watu.

Kwa hiyo ukimtafuta mtu hatari kwa kuangalia nani ni mkimya au nani hana marafiki, utawaonea watoto wengi wasio na hatia, na mwenye mpango atakupita.

Vipi kuhusu ugonjwa wa akili?

Swali hili ninaulizwa karibu kila ninapotoa elimu ya afya, na mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake. FBI ilichunguza washambuliaji 63 wa miaka ya 2000 hadi 2013 na kukuta ni robo tu waliowahi kuthibitishwa na mtaalamu kuwa na ugonjwa wa akili. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio hupigwa, hufungwa kamba na kudhulumiwa. Tafadhali usimwogope jirani yako anayetumia dawa za akili kwa sababu ya habari uliyoisikia.

Kilichojirudia katika ripoti ile ya mwaka 2002 ni maumivu. Karibu wote walikuwa wamepata pigo kubwa, au walilihisi hivyo: kufiwa, kuachwa, kuaibishwa mbele za watu. Asilimia 71 walijiona wameonewa au kuteswa na wengine. Na asilimia 78 walikuwa wamewahi kufikiria kujiua au kujaribu. Namba hii ya mwisho naomba uikumbuke. Kijana anayesema hana sababu ya kuishi anahitaji msaada leo, hata kama hajamtaja mtu mwingine yeyote.

Dalili zenyewe ni zipi?

Kubwa kuliko zote ni maneno. Katika matukio zaidi ya 8 kati ya 10 yaliyochunguzwa, kulikuwa na mtu aliyejua mapema kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga jambo hilo, na mara nyingi alikuwa rafiki, mwanafunzi mwenzake au ndugu. Hawakusema, wengine wakidhani ni utani. Husikika kama hivi: "Kesho usije shule," au "Siku moja mtanijua mimi ni nani." Zingatia pia mtu anayewasifu wauaji waliotangulia, anayeandika au kuchora mauaji mara kwa mara, anayetafuta silaha ghafla, au anayegawa vitu vyake na kuaga. Dalili moja peke yake si ushahidi. Zikiongezeka ndani ya siku chache, usisubiri.

Novemba 30, 2021, katika sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, mwalimu alikuta mvulana wa miaka 15 amechora bunduki na mtu anayevuja damu kwenye karatasi ya hesabu, na pembeni ameandika maneno ya kuomba msaada. Wazazi wake waliitwa asubuhi ileile. Shule iliwataka wampeleke kwa mshauri, wao hawakumchukua. Hawakusema kwamba siku nne kabla walikuwa wamemnunulia bastola. Begi lake halikupekuliwa, akarudi darasani. Saa chache baadaye wanafunzi wanne walikuwa wameuawa. Mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja. Mimi nikisoma kisa hiki, huwa nakwama kwenye kile kikao cha asubuhi. Watu wazima wote waliohitajika walikuwamo, na mtoto alikuwa ameshaandika mwenyewe.

Hapa kwetu bunduki ni nadra majumbani, lakini moto haupungui. Machi 2001 wavulana 67 walikufa bwenini Kyanguli, Machakos, Kenya, katika moto uliowashwa makusudi. Mwanafunzi akisikia wenzake wanazungumzia kuchoma bweni, hiyo nayo ni taarifa ya kupeleka mbele.

Ufanye nini?

Muulize kijana moja kwa moja, mkiwa wawili: "Mwanangu, unawaza kujiua? Kuna mtu unataka kumdhuru?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimhubirie, usimtishe, na usimwahidi kuificha siri hiyo. Silaha, dawa za wadudu na mafuta viondoke pale anapoweza kuvifikia. Huko Marekani washambuliaji wengi wa shuleni walichukua bunduki nyumbani kwao au kwa ndugu.

Kisha mwambie mtu mwingine siku hiyohiyo: mwalimu wa malezi, mhudumu wa afya wa zahanati yenu, au afisa ustawi wa jamii. Ikiwa ametaja siku, mahali au jina la mtu, nenda polisi. Tanzania unaweza kuanzia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Ukipiga, eleza ulichokiona na kukisikia kwa maneno yaleyale, lini na wapi. Huhitaji kuwa na uhakika ndipo upige.