Dawa za Kariakoo na Mawe ya Figo: Zimetoka Wapi?

Leo tuangalie historia ya dawa tunazonunua Kariakoo kwa ajili ya mawe ya figo, maana wengi tunazinywa bila kujua asili yake.

Kariakoo ilipata jina baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliweka kambi pale, na kwa ulimi wetu ikawa Kariakoo. Watu wa bara na wa pwani wakakutana hapo, kila mmoja na mizizi ya kwao. Jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa 1975, na mitaa inayolizunguka mpaka leo utapata shayiri, uwatu, habasoda na magome ya kila aina.

Shayiri ina safari ndefu. Al-Razi, tabibu Mwislamu aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika kitabu kizima kuhusu mawe ya figo na kibofu. Ibn Sina (980–1037) naye aliyaeleza. Bibi zetu wa pwani wakachemsha maji ya shayiri, wengine ndevu za mahindi.

Serikali nayo haikudharau. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, na sheria ya 2002 ikaleta Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao.

Sasa, mbona wengine wanapona? Jiwe hujengeka mkojo ukiwa mzito, na joto la Dar linatukausha. Jiwe dogo, chini ya milimita 5, mara nyingi hutoka lenyewe. Mtu akinywa jagi zima la dawa ya kuchemsha, amekunywa maji mengi pia. Sifa zote anapewa mzizi!

Lakini kuna upande wa pili. Miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake walipewa mitishamba ya kupunguza mwili. Ndani yake mlikuwa na mmea wa aristolochia, na figo za wengi ziliharibika kabisa. Bibi harusi unayetafuta kiuno chembamba kabla ya siku yako, hili likuhusu. Majani yasiyo na jina, yaliyofungwa kwenye gazeti, usiyanywe.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tutafute tiba, na kupima ni sehemu ya kutafuta. Ukipata maumivu makali ya kiuno yanayoshuka kinenani, damu kwenye mkojo, au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama ni mjamzito, usionje dawa yoyote kabla ya kumuuliza daktari. Na ukifika kwa daktari, mtajie kila ulichokunywa, usimfiche.

Maji tunywe kila siku, shosti. Allah atupe afya njema, amin.