Kiti na Mtumbwi

Historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika aghalabu huandikwa kwa majina ya wageni. Tunasoma kwamba Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, kwamba Wabelgiji walianzisha kituo chao Karema mwaka 1879, na kwamba mwaka 1885 kituo hicho kilishikwa na Mapadri Weupe. Hayo ni kweli. Lakini kwa watu wa Ikola, jirani wa Karema, iko historia nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni ya kiti wanachokalia na mtumbwi wanaovulia.

Hapo zamani vyote viwili vilichongwa kwa gogo moja. Fundi alishika shoka na tezo, akaondoa kisichotakiwa, kikabaki kigoda au chombo cha majini. Kigoda cha namna hiyo hakina kiungo, kwa hiyo hakilegei.

Kisha ukaja ubao. Misheni zilihitaji milango, madawati na meza, nazo zikafundisha vijana kutumia msumeno, randa na patasi. Reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950, mninga wa misitu yetu ya miombo ulipata njia ya kwenda mbali. Kiti kikawa na miguu minne, kila mguu ukiwa na ulimi ulioingia katika tundu lake. Mtumbwi nao ukawa wa mbao zilizoungwa. Faida ilikuwa kubwa, maana gogo lililokuwa likiishia kuwa chombo kimoja na rundo la vibanzi sasa lilitoa mbao nyingi. Lakini pamoja na ubao kilikuja kiungo, na kiungo hutaka mwangalizi.

Mti hata ukikatwa haukomi kucheza. Masika hunywa unyevu ukavimba, kiangazi hukauka ukasinyaa. Husinyaa zaidi kwa upana, si kwa urefu, na ndiyo sababu ulimi hulegea ndani ya tundu. Mvuvi analijua jambo hili vizuri. Huvuta mtumbwi wake ufukweni, akatoa pamba iliyooza katikati ya mbao, akatia kalafati mpya. Hangoji maji yamfike magotini. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, nyumbani kwake, hukiacha kiti kiyumbe mwaka mzima mpaka mguu uvunjike, kisha kikaishia jikoni kuwa kuni.

Ziwa lenyewe limetupa mfano mkubwa wa utunzaji. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao, Graf von Goetzen, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nene. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mashine zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi baadaye ilisimama mbele ya Ikola, abiria wakiifuata kwa mitumbwi. Kilichoiokoa ni mtu aliyekumbuka kuzuia maji yasiguse chuma.

Kwa kiti, kazi ni nyepesi zaidi. Mguu uliolegea usipigiliwe msumari, maana msumari hupasua ulimi. Uchomoe, ukwangue gundi ya zamani, upake mpya, uurudishe. Ukiwa bado unacheza, chonga kabari nyembamba ya mti mkavu. Kisha zungushia miguu kamba, uisokote kwa kijiti mpaka ibane, uiache hadi kesho. Mbao mbichi usiunge kamwe. Zianikwe kivulini kwa miezi kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite.

Baada ya hapo ni kupaka. Wengi hupaka mawese, lakini mawese hayakauki, hunata na kushika vumbi. Msitu ule ule uliotupa mninga umetupa pia nyuki. Nta yao, ikilainishwa kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya moto na kusuguliwa kwa kitambaa, huzuia unyevu na kuung'arisha ubao. Kuhusu mchwa, kiini chekundu cha mninga huwashinda, ila sehemu nyeupe ya nje wataila. Basi miguu isimame juu ya jiwe au saruji, si juu ya udongo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi ukuta huo una gharama, kwa sababu mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Anayeupanda leo hataukalia. Pengine ataukalia mjukuu wake. Nyumba nyingi za mwambao bado zina viti vilivyotengenezwa enzi ambazo mninga ulikuwa karibu na mwingi. Kuvitunza ni kumwachia mjukuu huyo kiti, na mti pia.