Asilimia nne ya jani: historia ya mkonge wa Tanga

Ukisimama karibu na korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, ikiwa kazini, humsikii hata anayekupigia kelele sikioni. Majani ya mkonge huingia upande mmoja yakiwa yamebanwa, yakapondwa na kukwanguliwa huku maji yakimwagika juu yake. Upande wa pili hutoka singa, yaani nyuzi, za kijani kilichopauka, zikichuruzika. Zinaanikwa juani kwenye waya, zinapigwa brashi, kisha zinafungwa marobota. Sasa tazama chini ya mashine: tope zito la kijani, lenye harufu ya uchachu, linateremka mferejini. Hilo ndilo jani lenyewe. Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake.

Kwa zaidi ya miaka mia moja viwanda, reli na bandari vimeihudumia asilimia hiyo 4. Kwangu mimi, ukitaka kujua kwa nini mkonge wa Tanga ulitawala soko la dunia kisha ukaanguka, anzia kwenye mfereji huo.

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na kufikia 1911 ilikuwa imefika Moshi. Mashamba yaliifuata: Muheza, Ngomeni, Korogwe. Jani la mkonge ni zito na likishakatwa halisubiri, kwa hiyo korona ilibidi iwe palepale shambani, na reli ndogo za toroli zikapenya hadi katikati ya mistari ya mkonge.

Mikono ya kukata ilitoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua, na watu wakasafirishwa kutoka Kigoma, Songea na hata Rwanda-Urundi. Walipewa namba, na namba ikageuka kuwa jina lao: manamba. Walikata majani kwa kipimo cha siku, miiba ikiwachoma mikono na miguu, mbali na wake na watoto wao. Bei ya mkonge wa Tanganyika sokoni ilisimama juu ya ujira wao mdogo, na hilo halipaswi kuachwa nje ya hesabu tunapousifia mkonge kwamba ulijenga nchi.

Ulijenga kweli. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000, na hapakuwa na nchi iliyotuzidi. Wakulima wa Ulaya na Marekani walifungia nyasi kavu za mifugo yao kwa kamba za mkonge. Kisha ikaja kamba ya plastiki, nyepesi, isiyooza, ya bei nafuu. Mteja mkubwa akahama. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba, na wengi hulaumu utaifishaji peke yake. Siwaungi mkono: bei ilikuwa imeanza kuporomoka kabla ya hapo. Usimamizi mbovu na mitambo iliyochakaa vilikuja kuongeza uzito juu ya mzigo uliokwisha kulemea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tunazalisha tani 20,000 hivi.

Linaloniuma zaidi ni la Mlingano. Kituo hicho cha utafiti, kilichoanzishwa 1934 karibu na Ngomeni, kilizalisha chotara namba 11648, mkonge unaotoa majani mengi zaidi kuliko ule wa Hindorf. Leo chotara huyo ndiye anayetawala mashamba ya mkonge ya China.

Mwaka 2007, huko Hale, mkoani Tanga, tope lile la mferejini lilipata kazi. Badala ya kuachwa liende mtoni, lilielekezwa kwenye tangi lisilopitisha hewa. Vijidudu vikalimeng'enya, gesi ikatoka, na jenereta ya kilowati 150 ikawashwa. Masalia yake yalirudi shambani kuwa mbolea. Aliyekata jani alikuwa yuleyule na korona ileile, ila kiwanda kilipata umeme na mbolea kutoka kwenye kitu kilichokuwa kikichafua maji ya jirani.

Na mteja amebadilika tena. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Singa zinatafutwa kwa ajili ya kuimarisha plasta ya jasi, kutengenezea mazulia, na hata kuwa kiini cha kamba za chuma zinazobeba lifti. Plastiki iliyoushinda mkonge kwa sababu haiozi, sasa inakataliwa kwa sababu hiyohiyo.

Lakini marobota mengi bado yanaondoka yakiwa singa tupu, yakasokotwe na kufumwa ng'ambo. Na kwenye korona nyingi, mfereji bado unateremsha tope lilelile la kijani.