Tereni ya mpira ni ardhi kwanza: viwanja vya Tshopo vilitoka wapi?

Wasikilizaji wetu, na ninyi familia mlioyaacha makwenu, kila mara wakubwa wanapozungumza juu ya michezo katika Tshopo, maneno yanaishia kwenye Stade Lumumba ya Kisangani. Si vibaya, mji mkubwa unahitaji stade. Lakini jimbo letu lina karibu kilomita za mraba 200,000, zaidi ya mara 6 ya Ubelgiji. Lina teritware 7: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Kijana wa Yahuma hawezi kupanda toleka aje kucheza Kisangani halafu arudi kulala kwao. Ndiyo sababu leo tunauliza: tereni za vijijini zilitoka wapi, na kwa nini zinapotea?

Wakati wa Wabelgiji mpira ulifika Kongo kwa njia ya misheni, shule na kampuni. Kila mmoja alifungua uwanja kwa ajili ya watu wake. Tuangalie ramani yetu. Reli ya kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ilimalizika mwaka 1906. Ina kilomita 125. Kwa mkataba wa mwaka 1911, kampuni ya Lever ilipata ardhi ya mawese, na Elisabetha, leo Lokutu katika Basoko, ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ilianzishwa, na Yangambi ikawa makao yake makubwa. Mahali kama hapo palikuwa na mshahara, kambi ya wafanyakazi na siku ya kupumzika, na mpira ulifuata. Kijiji kisicho na misheni wala kampuni kilibaki na njia yake na uwanja wa mbele ya nyumba ya chifu.

Tereni iliyoletwa na bwana kazi inaondoka na bwana kazi. Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea. Sheria ya tarehe 20 Julai ilisema ardhi yote ni mali ya Leta. Kisha mwezi wa Novemba zairianisation ikatangazwa, na mashamba na maduka ya wageni yakapewa watu ambao wengi wao hawakuyaendesha vizuri. Kampuni inapoanguka, hakuna wa kukata majani wala wa kusimamisha miti ya goli. Na kiwanja kisicho na hati, mbele ya sheria, kinaonekana kama ardhi tupu. Siku moja anakuja mtu na kamba, anakata parseli, watoto wanahamia barabarani.

Vita navyo vilipita. Kisangani haijasahau siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigana katikati ya nyumba zetu.

Na miaka hii ya karibuni? Mwaka 2023 nchi yetu ilipokea Michezo ya Francophonie, na majengo mapya ya michezo yakasimama Kinshasa. Kwa vijijini kuna programu ya teritware 145. Sehemu yake ya kwanza ya ujenzi ilihesabu shule karibu 1,200, vituo vya afya 788 na majengo ya utawala 145. Hivyo vyote tunavihitaji sana. Lakini katika hesabu hiyo tereni haimo. Hata hivyo, shule inapopimiwa ardhi, kuongeza eneo la kuchezea siku hiyohiyo hakugharimu sana. Kulitafuta miaka kumi baadaye, nyumba zikiwa zimejaa, ni kesi.

Mwezi wa Februari 2023, ugomvi wa ardhi upande wa kushoto wa mto, katika Lubunga na Ubundu, uligeuka mapigano kati ya Wambole na Walengola. Watu walikufa, vijiji vilichomwa, familia zikavuka mto. Aliyekimbia anajua: mahali pa wazi ndipo mtu anapoweka mzigo wake kwanza. Anajua pia kwamba mtoto aliyekaa mwezi mzima bila kazi wala shule anahitaji mahali pa kukimbia. Na ardhi ndiyo iliyoleta damu. Kwa hiyo kupanga tereni bila kuwauliza waliokimbia ni kuwasha moto mara ya pili. Uwanja usipimwe juu ya shamba la mtu ambaye hajarudi.

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, kila sekta ihesabu viwanja vilivyopo na kuvitafutia hati, kabla ya kuahidi stade mpya. Pili, tusifikirie mpira wa wavulana peke yake: nzango ya mabinti inahitaji mahali padogo tu palipo sawa, na inakusanya kijiji kizima. Tatu, kamati ya uwanja iwe na wenyeji na waliohama, Wambole na Walengola, mezani pamoja.

Wewe unayesoma ukiwa mbali na kijiji chako: tereni yenu ilikuwa wapi, nani aliifungua? Waulize wazee wangali hai, andika, na uwaambie watoto. Siku ya kurudi, neno hilo litasaidia kuonyesha kwamba mahali pale palikuwa pa wote.